Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mwaka 2025: Jenereta, Umeme na Ada Zenu

Ndugu wanachama wa umoja wetu, wazee wetu, akina mama wa mashine za kusaga na vijana wa welding, habari za saa hizi. Ndaga sana kwa mliofika, najua mvua hii na matope ya Iyunga hapa Mbeya si mchezo. Taarifa nimeiandika mwenyewe usiku maana katibu ana msiba kwao Tukuyu, mnivumilie.

Shughuli za kawaida mnazijua. Nane Nane tulikwenda uwanja wa John Mwakangale, tukauza mashine 4 za kupukuchua mahindi na kupata oda za mageti, misiba 2 tulichangia, paa la banda tuliziba. Imetosha.

Sasa jenereta la umoja. Naambiwa kuna watu hadi Mwanjelwa wanasema mwenyekiti kala jenereta. Sijala. Liliuzwa kwa 3,400,000, kamati ilikaa na muhtasari upo, ila siku hiyo wanachama walikuwa 19 kati ya 64, kwa hiyo anayesema hakushirikishwa ajiulize alikuwa wapi.

Sababu ilikuwa hesabu. Jenereta lile la kVA 15 lilikuwa linakunywa dizeli lita tatu na nusu kwa saa, shilingi elfu kumi hivi inaondoka, wakati kazi ileile kwa LUKU ni kama uniti 10, na uniti kwa matumizi yetu ni 292 kabla ya kodi na tozo, ukiweka vyote haifiki elfu nne. Fundi gani atauza geti kwa bei ya kushindana na mageti yanayoletwa toka nje huku anachomelea kwa dizeli? Na Bwawa la Nyerere kule Rufiji lilikuwa limekamilika, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, nchi nzima ilikuwa inashangilia. Mi nikasema wazi kwamba serikali imeshaweka umeme, kukaa na jenereta ni kama kubeba mwavuli ndani ya nyumba. Sentensi hiyo mmenirudishia mwaka mzima.

Maana kweli, saa moja jioni nilipima mwenyewe na mita pale bandani ikasoma 170 badala ya 230. Stiki inanata kwenye chuma, ukiing'oa inakuja na kipande, greinda inalia kama ng'ombe mgonjwa, na kijana wa randa kaunguza mota. Nakubali. Lakini umeme kuzalishwa ni kitu kimoja na kukufikia ni kingine. Sisi Mbeya bado tunategemea laini ya kV 220 inayotoka Iringa kupitia Mufindi, ile kubwa ya kV 400 ya kwenda Tunduma na Sumbawanga ndo inajengwa. Hata Rais Samia Machi 2025 alieleza kwamba Kaskazini ni nafuu kununua umeme Ethiopia kupitia Kenya kwa sababu ukisafirishwa mbali unapotea njiani. Na hapa kwetu tatizo kubwa ni transfoma moja, nyumba, mashine za kusaga na welding zote zinaing'ang'ania. Barua 3 nimepeleka, nauli yangu, mfuko wangu, sikudai hata senti.

Hela zilikwenda hivi: 1,200,000 kuvuta fezi tatu na waya mpya wa banda, 1,650,000 kurasimisha ujuzi wa vijana 11, yaani wapimwe kazi wanayoijua tayari na wapewe cheti, pamoja na nauli na chakula, 550,000 ipo benki. Hapo kwenye vijana ndo nimetukanwa zaidi, kwamba tunasomesha watu watakaotukimbia. Wamekimbia 2. Waliobaki 9 wana cheti cha VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, walijifunzia hapahapa chini ya mwembe bila darasa, na sasa wakiulizwa cheti kwenye tenda ya madawati wanacho. Serikali imeleta mkondo wa amali sekondari, yaani masomo ya ufundi, sawa, ila watoto wale watatufikia miaka ijayo na mteja anataka geti Ijumaa.

Halafu kuna aliyeeneza kwamba ukipeleka kijana VETA unaanza kukatwa tozo ya ujuzi. Uongo mtupu. Ile asilimia 3.5 inamhusu mwajiri mwenye watu 10 na kuendelea, na humu ndani ukimtoa mzee wa matela sioni mwingine wa kufika 10. Mna watu 3 mnaogopa kama mna kiwanda cha saruji.

Ada sasa, na hapa naongea kwa uchungu. Elfu tano kwa mwezi, watu 64, ilitakiwa iwe 3,840,000. Imeingia 1,415,000. Deni ni 2,425,000, na orodha nimeibandika mlangoni kwa majina, aliyekwazika aje na risiti. Wanaodai jenereta lirudi, wale wapiga kelele watano, wamelipa miezi miwili miwili tu. Mimi nimelipa yote 12.

Mwakani tunatarajia Mungu akipenda kupata transfoma yetu wenyewe, kufuatilia mikopo ya halmashauri kwa vijana na akina mama, na ikiwezekana vijana wengine wapate vyeti kadiri mfuko utakavyoruhusu. Uchaguzi ni mwezi wa tatu, anayetaka kiti achukue fomu, ila alipe ada kwanza.

Na aliyechukua ekstensheni ya mita 30 stoo tangu Juni airudishe, ni ya umoja.