Wolai wamepanda, nami namkumbuka ningu

Perrysburg, Ohio
Mwisho wa Machi

Ndugu yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe na mama watoto, na umfikishie mzee salamu zangu. Sisi huku tu wazima. Siku ile uliponiuliza kwa simu kama huku kuna mto wa kuvua nilikujibu kwa neno moja tu, simu ikakatika. Leo nimekaa nikueleze vizuri, maana jambo lenyewe limenikaa moyoni tangu Jumamosi.

Mto unaitwa Maumee. Unaingia Ziwa Erie pale Toledo, kama mto wetu Nzoia unavyoingia Ziwa Viktoria kule Bunyala, na maji yake ni ya udongo vilevile, rangi ya chai ya maziwa. Wakati wa baridi kali huganda. Kukianza kupata joto barafu inavunjika, mto unafura, na mabamba mapana kama milango yanatupwa kingoni, yanabaki yamerundikana huko yakiyeyuka polepole. Miti bado haina jani hata moja. Na wakati huo huo, ambapo mtu mwenye akili angekaa ndani karibu na moto, samaki wanaanza kupanda.

Anaitwa wolai. Ukimwona mara ya kwanza utadhani ni mtoto wa sangara: mgongo wa rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijani, pezi la miiba linalosimama ukimgusa, na jicho. Hilo jicho, ndugu yangu! Limefunikwa kama na ukungu, na ukilimulika usiku linang'aa kama la paka. Ndiyo silaha yake. Anaona gizani na kwenye matope pale ambapo samaki wadogo hawaoni kitu.

Mwaka mzima anaishi ziwani. Maji ya mto yakifika kama nyuzi 6 za Selsiasi, madume yanatangulia, yanajipanga kwenye mikondo yenye changarawe. Majike yanafuata, yanataga usiku, kisha yanarudi ziwani bila kungoja. Hakuna kiota wala mlinzi. Mayai yanajibanza kati ya vijiwe, wiki mbili au tatu baadaye vitoto vinaanguliwa na mkondo unavibeba hadi ziwani. Maji yakizidi nyuzi 11 hivi, shughuli imekwisha. Kwa hiyo watu huku hawatazami kalenda. Wanatazama kipimo cha mto kilichoko Waterville, na wanaulizana joto la maji kama sisi tulivyokuwa tukiulizana kama mvua imenyesha kule juu Kitale.

Nilifika alfajiri, kabla ya jua. Sheria ya mwezi wa Machi na Aprili hapa ni kuvua kuanzia jua linapochomoza hadi linapotua, basi. Tulikuwa wengi kingoni, tumesimama kimya na suruali zetu za mpira zinazofika kifuani, tunasubiri mwanga. Ulipotimia, tukaingia majini pamoja na kujipanga mstari mmoja mrefu, mtu na jirani yake hatua chache tu. Unarusha ng'ambo kidogo, juu ya mkondo, unaacha chubwi ya risasi igonge chini, tok, tok, tok, ikiteremka na maji. Nyuma ya chubwi kuna mshipi mfupi, na mwishoni ndoana moja yenye kichwa kinachoelea na mkia wa plastiki laini wa rangi kali. Hakuna mnyoo, hakuna dagaa. Chubwi inapaswa kuzungumza na mawe muda wote. Ikinyamaza, ama umekwama kwenye jiwe, ama ndiye.

Saa nzima mawe yalinila ndoana. Kisha nikasogea hatua mbili kutafuta mkondo mzuri zaidi, nikakanyaga shimo. Maji yaliingia kifuani, pumzi ikakatika, baridi ile si baridi ya kutetemeka, ni kama mtu amekubana mbavu kwa koleo. Mzee mmoja mzungu aliyekuwa kushoto kwangu alininyoshea fimbo yake ya kutembelea majini, akanivuta bila kusema neno. Nilipotulia akanionyesha mkanda wake kiunoni. Mkanda ukifungwa sawasawa juu ya ile suruali, maji hayashuki miguuni hata ukianguka. Wangu nilikuwa nimeuacha garini. Nakuandikia hili ili nawe, ukipewa hizo suruali siku moja, ukumbuke mkanda kabla ya kukumbuka ndoana.

Nilipasha mwili joto kingoni, nikarudi. Na hapo ndipo chubwi iliponyamaza.

Sikuwahi kushika uzito kama ule tangu tulipokuwa vijana. Nilimwita mzee, naye akakunja mshipi wake upesi ili tusitatanishane, na majirani wote wakafanya vivyo hivyo, maana ndiyo desturi ya mstari. Nilimvuta polepole hadi wavuni. Alikuwa jike, mrefu kama mkono wangu tangu begani hadi kiganjani, tumbo limejaa, gumu na la mviringo, mayai unayahisi kwa kidole chini ya ngozi. Kumbe ndoana haikuwa mdomoni. Ilikuwa imenasa nyuma ya pezi la mgongoni.

Hapa sheria ni wazi: samaki asiyenaswa ndani ya mdomo anarudishwa papo hapo. Ndiyo sababu hata ndoana za meno matatu zimepigwa marufuku msimu huu, ili watu wasikwangue samaki waliosongamana. Askari wa wanyamapori hakuwepo. Mzee alinitazama, akatazama samaki, akasubiri. Nikamtoa ndoana. Nikamshika chini ya tumbo, kichwa kikielekea juu ya mkondo, maji yakapita kwenye mashavu yake. Mashavu yalifunga na kufungua, mara tatu, mara nne. Halafu akapiga mkia mara moja tu na kiganja changu kikabaki kitupu.

Ndugu yangu, nilisimama pale nikamwona bibi.

Unamkumbuka na migono yake, yale matega ya kunasia samaki, mvua ya masika ikianza? Ningu, wale samaki wetu wa ziwani, walikuwa wakipanda Nzoia wamejaa mayai kama huyu, na wazee walikuwa wanasema zamani walipanda wengi hadi unasikia maji yakichemka. Sisi tulikuta mabaki tu. Bibi alikuwa akiwabanika juu ya moshi, tunawala tukitema ile miba midogo kama sindano. Wakaisha kwa nini? Si kwa migono ya bibi. Migono ilikuwa imekuwepo vizazi na vizazi. Ni nyavu zilizotandazwa mdomoni mwa mto, ukingo hadi ukingo, msimu ule ule samaki wanapoingia kutaga. Ukimkamata jike mlangoni kabla hajataga, umekamata na watoto wake wote.

Usidhani watu wa huku walizaliwa na busara hiyo. Aina moja ya wolai wa rangi ya buluu, waliyemvua kwa mamilioni ya ratili katika ziwa hili, ilitangazwa mwaka 1983 kuwa imetoweka kabisa. Mwaka 1970 iligunduliwa zebaki ya viwandani ndani ya samaki, uvuvi wa wolai ukafungwa. Walipopumzishwa, wakazaana tena. Leo Ohio hairuhusu wavuvi wa biashara kumgusa wolai. Kanada wanamvua kwa nyavu, lakini kila mwaka pande zote za ziwa zinakaa pamoja na kukubaliana kiasi cha kuvuliwa. Mimi na ndoana yangu naruhusiwa 6 kwa siku, na aliye chini ya sentimita 38 anarudi majini. Nilipata 3 mchana ule, madume yote, mbegu zao nyeupe kama maziwa zikinitiririkia mkononi. Nyama yake ni nyeupe, haina ile miba ya ningu. Nilimpika kwa kitunguu na nyanya, tukamla na ugali, na watoto waliomba tena.

Sasa ombi langu. Wewe uko kwenye kamati ya BMU, ile inayosimamia ufuo na uvuvi wake. Omena anapumzishwa kuanzia Aprili hadi Julai na watu wamezoea, ingawa walilalamika mwanzoni. Naomba mkiketi mulete neno la mdomo wa Nzoia: nyavu ziondolewe pale wiki za kwanza za masika, hata kama ni katikati ya mkondo tu, njia ya upana wa mitumbwi miwili. Najua kuna watu wanaolisha familia kwa nyavu hizo, na najua watakutazama vibaya. Waulize wazee kwanza, wale waliowahi kusikia maji yakichemka. Wao wakisema, vijana watasikia.

Kisha uniandikie. Mvua ikianza, pita kwa wale akina mama wanaobanika samaki, uwaulize kama msimu huu wameona ningu hata mmoja, na alikuwa na mayai au hakuwa nayo. Nakutumia mkanda mmoja wa kiunoni kwa jamaa anayekuja Mei. Huku nitakuwa mtoni hadi Aprili iishe.

Ni mimi, ndugu yako wa ng'ambo ya mto.