Mbona nimelipa ushuru, na sisi ni Jumuiya?

Swali hili tumeulizwa tena Jumanne iliyopita, safari hii kwa sauti iliyowafikia hadi wabadilisha fedha nje. Dada mmoja alinunua katoni arobaini za chupa za chai Nairobi, akafika hapa Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, na risiti ya duka. Alipokadiriwa ushuru wa forodha akasema sisi mawakala wa forodha, tunaowaandalia watu hati za mizigo, tumemla.

Hatujamla. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza kazi Januari 2005, unasamehe ushuru bidhaa iliyozalishwa ndani ya nchi wanachama. Iliyonunuliwa ni habari nyingine. Tulipindua chupa moja mbele yake: kitakoni, China. Mzigo kama huo unakutana na ushuru wa pamoja wa nje, yaani ule ambao nchi wanachama hutoza bidhaa zilizotoka nje ya Jumuiya, na ambao kwa bidhaa iliyokamilika mara nyingi ni asilimia 25, na tangu Julai 2022 lipo kundi la asilimia 35. Na hata mwenye cheti cha uasilia, karatasi ya kuthibitisha kuwa bidhaa imezalishwa ndani ya nchi wanachama, bado ana VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Kilichoondolewa ni ushuru wa forodha tu.

Kinachotuchosha zaidi ni kuvunja mzigo. Mzigo usiozidi dola 2,000, wa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, unapata cheti rahisi cha uasilia hapa hapa mpakani. Basi watu wanakata ankara vipande. Mwaka juzi mzee mmoja wa maharage alileta ankara tatu: majina matatu, mwandiko mmoja, lori moja. Tukamwambia, mzee wetu, hii haipiti. Akaenda kwa wakala mwingine, kijana wa bei poa. Ofisa alizichukua zote tatu akazibana kwa pini moja, hakusema neno. Lori likalala siku nne, maegesho yanahesabu, mvua ikaingia kwenye turubai lililotoboka. Aliporudi tulianza upya kwa cheti cha kawaida, na ada yetu ilikuwa ndogo kuliko maegesho aliyokwishalipa.

Wanaosema tunalipwa kwa kugonga muhuri hawajatuona tukisoma ankara mstari kwa mstari usiku, lori likiwa bado halijapakiwa. Msimbo mmoja wa bidhaa ukikosewa, kadhia nzima, yaani tamko la mzigo kwa forodha, inarudi.

Dada wa chupa alilipa, kwa kununa. Jana katutumia picha ya sufuria, kaipiga kitakoni. Imetengenezwa Kenya. Tumemwambia amdai muuzaji cheti kabla hajatoa hela.