Barua ya wazi kwa vijana mnaomtunga popo dubwana

Wanangu wasimamizi wa michezo ya dadu, ile ya kuigiza mashujaa wanaopambana na madubwana,

Popo wenu mnampa alama za uhai 200 (zikiisha, amekufa) na meno kama majambia, kisha mnashangaa wachezaji wakipiga miayo. Ukubwa peke yake hautishi. Popo anatisha kwa kuwa yeye anakujua ulipo gizani na wewe humjui alipo. Anzieni hapo, meno yatafuata.

Popo wawindaji hutoa milio na kusikiliza mwangwi wake. Wakilikaribia windo huiharakisha milio hiyo, wengine hadi kufikia kama 200 kwa sekunde. Mingi ni myembamba mno kwa sikio la mtu, ila wa kwenu apewe mlio unaosikika, la sivyo wachezaji watavamiwa bila dalili yoyote na watanung'unika kwa haki. Gonga meza kwa ukucha: polepole popo akizunguka juu, mbiombio akishamchagua mtu. Usitaje jina. Mtazame tu huyo mchezaji huku unagonga.

Ndani ya mita 18, giza na uchawi wa kutoonekana visimzuie. Vivuli vya kichawi navyo visimhadae, maana havirudishi sauti. Lakini nguzo ya mawe imfiche mtu kabisa, na makelele yamvuruge: mtu akitumia zamu yake kugonga ngao au kengele, popo arushe dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo hadi raundi ifuatayo. Hila hii haikutoka hewani, wapo nondo wanaovuruga mwangwi wa popo kwa milio yao wenyewe. Wachezaji waigundue wenyewe, ukiwaambia, umeharibu.

Sasa hesabu. Chukua wachezaji wanne wa ngazi ya 5, dadu la pande 20, nyongeza ya 7 kwenye shambulio na kinga ya popo 15. Dadu na nyongeza zikifikia kinga, pigo limepata; basi kila mmoja anapata akirusha 8 au zaidi, yaani asilimia 65. Pigo likiwa na wastani wa 10, wote wanne wanapunguza 26 kwa raundi. Uhai 100 unatosha raundi nne. Mia mbili ni raundi nane, na kufikia ya sita mtu keshatoa simu.

Ng'ato iwe dadu mbili za pande 6 kujumlisha 4, wastani 11. Kinachouma zaidi ni mate. Popo wanyonya damu wana mate yanayozuia damu kuganda, kwa hiyo aliyeng'atwa apoteze 3 kila zamu yake inapoanza, mpaka mwenzake atumie zamu kumfunga kidonda. Hapo kikosi kinalazimika kuchagua: kupiga au kuokoa.

Ukelele wake usiwanyang'anye watu zamu. Hili ndilo kosa ninaloliona baya kuliko yote, maana mchezaji aliyezubaishwa raundi mbili anakaa robo saa nzima akitazama wenzake wakicheza. Akishindwa kujinusuru kwa kurusha dadu, achague: aangushe alichoshika, au asisogee alipo. Bado anacheza, ila kwa shida.

Kosa jingine ni popo asiyeshuka, mwenye upanga akabaki kuhesabu nyota. Mfanye ashuke kila raundi ya pili ili anyonye. Tena kila bawa lipewe uhai wake, 20 hivi, unaohesabiwa ndani ya ile 100. Bawa la popo ni ngozi iliyotandazwa juu ya vidole virefu, kwa hiyo linachanika. Likiisha, anaanguka: dadu moja la pande 6 kwa kila mita 3, na kutoka mita 12 ni wastani wa 14.

Mwisho, pimeni chumba. Mabawa ya mita 9 hayafunguki katika ujia wa mita 3. Humo akunje mabawa na atambae kwa vifundo vya mikono na miguu, kama wafanyavyo wale wanyonya damu. Wengi wataogopa hilo kuliko kuruka kwake. Na kwa kuwa popo aninginiaye huruka kwa kujiachia, dari liwe na kimo cha kutosha. Halihitaji maelezo marefu. Subiri tu mmoja wao aulize juu kuna nini.

Mzee wenu