Barua ya Malalamiko: Mliniuzia Tairi za Theluji Mkaziita Tairi za Mlimani

Soweto, Moshi
5 Mei 2025

Meneja wa Tawi,
Duka la Tairi na Vipuri,
Moshi.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA TAIRI ZA THELUJI KWA MAELEZO KUWA NI TAIRI ZA MLIMANI, NA AJALI ILIYONIPATA MARANGU TAREHE 13 APRILI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja niliyenunua tairi mbili dukani kwenu Jumamosi ya tarehe 22 Februari 2025, saizi 215/60R16, kwa jumla ya shilingi 240,000. Nakala ya stakabadhi nimeiambatanisha. Nimeshafika kwenu mara mbili kulieleza jambo hili kwa mdomo na mara zote mbili nimeondoka bila jibu la maana, ndiyo sababu sasa naandika.

Naomba nianze na mazungumzo ya siku ile ya kununua, maana shauri lote limelala pale. Nilimweleza kijana wenu wa mauzo kwamba gari langu ni Mark X, linasukuma kwa nyuma, kwamba masika yako mlangoni, na kwamba kila wiki napanda Marangu kumwona mama yangu, barabara yote ni milima na kona. Sikumtajia aina ya tairi ninayoitaka. Nilimwomba yeye anichagulie, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi.

Akanitolea tairi mbili alizosema zimeshushwa kwenye gari lililotoka Japani. Zilikuwa na meno mengi, na kila jino limechanjwa mistari myembamba kama iliyopitishwa wembe. Akageuza ubavu wa tairi moja, akafuta vumbi kwa kiganja, akanionyesha alama ndogo: mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake kitu kama ua. Akasema, "Dada, unauona mlima huu? Hizi ni tairi za mlimani, zinawafaa watu wa huku kwetu. Na hiyo Studless unayoiona hapo ndiyo kampuni yake, Wajapani wenyewe." Kisha akaniambia kwamba kwa kuwa gari linasukuma nyuma, hizo mbili zifungwe nyuma na zangu za zamani zibaki mbele. Nikalipa, zikafungwa palepale, nikashukuru nikaenda zangu.

Ndugu Meneja, lile si ua. Ni chembe ya theluji. Alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani huwekwa kwenye tairi iliyojaribiwa na kuonekana inafaa kwenye theluji. Wala Studless si kampuni. Ni neno la Kiingereza, maana yake tairi isiyo na misumari. Zamani Wajapani wa sehemu za baridi walikuwa wakifunga tairi zenye vijisumari vya chuma ili zishike barafu. Misumari ile ikawa inakwangua lami na kutimua vumbi lililowasumbua watu mijini, hadi mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuidhibiti. Hapo ndipo zikaenea tairi hizi zisizo na misumari, zinazoshika barafu kwa ulaini wa mpira wake na kwa ile mikato ya wembe. Neno limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, na anayeuza tairi kutwa nzima anapaswa kulijua.

Theluji yetu iko juu kabisa, huko Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, na hakuna gari linalofika huko. Marangu tunalima kahawa na migomba.

Nimejifunza mengi kuhusu mpira tangu siku ile, na nayaandika hapa ili yafike kwa vijana wenu. Mpira wa tairi ya kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, na ukikakamaa hauishiki barabara. Kwa hiyo nchi za baridi hutumia tairi ya mpira laini zaidi, unaobaki laini hata barafu ikiwa imetanda. Moshi mwezi Februari na Machi mchana joto linapita nyuzi 30, na lami yenyewe inaunguza nyayo. Mpira ule laini ukiwekwa juu ya lami ya namna hiyo unakuwa kama ufizi: meno yananesa, yanalala upande, yanapata moto na kulika upesi. Lami ikilowa, gari linachelewa kusimama na linateleza mapema. Tatizo la tairi hizi kwenye maji na joto si siri, hata huko Japani watu huzivua theluji ikiisha na kurudisha tairi za kiangazi.

Dalili nilianza kuziona mapema, nanyi nikawaletea. Katikati ya Machi nilikwenda Arusha, na kuanzia Boma Ng'ombe hadi njia ya kuingilia uwanja wa ndege wa KIA nilihisi sehemu ya nyuma inayumba kidogo kila nikibadilisha njia, kana kwamba tairi hazina upepo. Siku iliyofuata nilikuja kwenu. Fundi wenu akapima upepo, akaongeza, akasema ni tairi zinazoeana na gari. Hakuinama kusoma ubavu. Laiti angeinama siku ile, barua hii isingekuwapo.

Tarehe 13 Aprili ilikuwa Jumapili ya Mitende. Nilitoka kanisani na mama, nikimshusha mjini alale kwangu kwa sababu Jumatatu alikuwa na kliniki KCMC. Mvua ilikuwa imekatika kama nusu saa hivi, lami imelowa, majani ya migomba bado yanadondosha maji. Tulikuwa tunateremka kutoka Marangu Mtoni kwenda Himo, spidi 40. Kabla ya kona nikashusha gia, kama tufanyavyo sote tulioizoea barabara ile, ili breki zisichoke. Sasa, gari linalosukuma nyuma ukilishushia gia, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayolizuia lisikimbie, na nyuma ndiko zilikokuwa tairi zenu. Nilihisi kiti kinahama chini yangu kwenda kulia kabla macho hayajaona chochote. Nikageuza usukani kulifuata, likatulia kidogo, kisha nyuma ikarudi kushoto kwa nguvu kuliko mwanzo, gari likakingama barabarani, likaserereka kinyumenyume hadi likagonga ngema. Daladala aina ya Noah iliyokuwa ikipanda kutoka Himo ilifunga breki ikasimama hatua chache kutoka mlango aliokalia mama.

Mama ana miaka 74. Tangu kanisani alikuwa ameshika tawi lake la mtende. Gari liliposimama alikuwa bado amelishika, limevunjika katikati, na vidole vimekataa kuachia. Ilinibidi nimfungue kidole kimoja kimoja. Hakuumia, namshukuru Mungu, lakini Jumatatu ile kliniki walimpima presha mara tatu ndipo wakamruhusu aondoke.

Dereva wa Noah alishuka, akamwamkia mama, akatupa pole, kisha akazunguka nyuma ya gari. Alibonyeza jino la tairi kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha ukazama. Akaenda mbele akabonyeza tairi yangu ya zamani, ukucha haukuzama. Akaniuliza, "Dada, hizi ni za barafu. Nani kakufungia?" Dereva wa daladala, kando ya barabara, kwenye matope, alilitambua kwa ukucha jambo ambalo duka lenu lenye bango kubwa halikulitambua kwa miezi miwili.

Fundi wangu wa Majengo alizivua siku ya pili, tukazikagua pamoja. Kwanza tarehe. Tarakimu nne za mwisho ubavuni ni 4015, yaani wiki ya 40 ya mwaka 2015. Tairi ya karibu miaka kumi, na stakabadhi yenu haisemi lolote juu ya umri wake. Pili, ndani ya mifereji alinionyesha vijiinuko vya mpira, tofauti na vile vya kawaida vinavyoonyesha tairi imekuwa kipara. Tairi za theluji za Japani zina alama hii ya ziada: meno yakilika hadi usawa wa vijiinuko hivyo, yaani nusu ya kimo chake cha upya, tairi haihesabiwi tena kuwa ya theluji na mwenyewe anatakiwa kuiondoa. Zangu zilikuwa zimeshapita hapo. Sina namna ya kujua ni kiasi gani kililika Japani na kiasi gani kililika kwangu kwa wiki saba, lakini hesabu yoyote mtakayoipiga haiwaokoi. Kwa kazi ya kule zilikotoka zilikuwa zimekwisha au zinakaribia kwisha, na kwa kazi ya huku hazikutengenezwa kamwe.

Nililoumia zaidi kulielewa ni ile shauri ya "linasukuma nyuma, zifungwe nyuma." Ina chembe ya ukweli, ila ukweli wa mahali pengine. Kwenye nchi za theluji, gari la kusukuma nyuma lina shida kweli: uzito wa injini uko mbele, nyuma ni nyepesi, hivyo magurudumu yanayosukuma huzunguka bure. Mwenye gari la namna hiyo huko hathubutu kukaa bila tairi za theluji. Lakini hata huko hufungwa zote nne, kwa sababu kukata kona na sehemu kubwa ya kusimama vinategemea magurudumu ya mbele. Kuchanganya mbili za hivi na mbili za vile kunalifanya gari liwe na tabia mbili. Mbele ikiteleza, gari huenda moja kwa moja, na dereva wa kawaida huondoa mguu na mara nyingi likatulia. Nyuma ikiteleza kwanza, gari linageuka lenyewe, na kulirudisha kunahitaji ujuzi ambao mimi sina na wengi wetu hatuna. Nyinyi mliweka tairi dhaifu mahali pale ambapo udhaifu ungeniadhibu vibaya zaidi.

Nilipokuja kwenu tarehe 16 Aprili, msimamizi wa zamu aliniambia nilikimbiza gari. Nilipokuja tena tarehe 28 akanionyesha maandishi chini ya stakabadhi, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Sentensi ile iliyopigwa chapa chini ya karatasi haifuti sheria za nchi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa akategemea ujuzi wa muuzaji katika kuichagua. Mimi nilieleza, na nilitegemea. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Sitaki tufike Tume ya Ushindani kama mtanisikiliza, ila msiponisikiliza nitafika.

Ninachotaka ni kurudishiwa shilingi 240,000 zangu, pamoja na shilingi 185,000 nilizolipa kwa bampa na taa ya nyuma, ambazo risiti zake nimeziambatanisha. Sidai fidia ya hofu ya mama yangu, kwa kuwa sijui inapimwaje.

Lakini fedha hiyo si jambo kubwa kwangu kama hili la pili. Siku ile ya Februari niliona rundo zima la tairi za aina hiyo upande wa kulia wa mlango, na tarehe 28 Aprili nililikuta limepungua. Zimefungwa kwenye magari ya watu. Wengine watakuwa na Crown, wengine na Mark II, magari yanayosukuma nyuma kama langu, yanapanda Kibosho, Machame na Rombo masika haya na watoto ndani. Mna namba za simu za wateja kwenye vitabu vyenu vya stakabadhi. Wapigieni. Waambieni waangalie ubavuni kama kuna alama ya mlima na chembe ya theluji, au neno Studless, na wakiikuta wazilete. Zilizobaki ziondoeni sakafuni. Na yule kijana msimfukuze, tafadhali. Aliniambia alichoamini, na hakuna aliyemfundisha. Mkalisheni chini mumfundishe, pamoja na wenzake wote.

Tairi zote mbili ziko kwangu, nimezihifadhi chini ya dari nyuma ya nyumba, na sehemu yenye tarehe nimeizungushia chaki nyeupe. Mnaweza kumtuma mtu kuzikagua siku yoyote ya wiki baada ya saa 10 jioni, nikiwa nimetoka shuleni. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii.

Wako,

Mteja mwenye stakabadhi ya tarehe 22 Februari 2025