"Zitaingia tu, mzee"

Mhariri,

Beetle yangu ya 1972 niliifunga rimu za inchi 17 na matairi mapana, fundi akiniapia, "Zitaingia tu, mzee." Zikaingia, kwa spesa, vile vipande vya chuma vinavyokaa kati ya rimu na gari. Gari likiwa tupu, raha. Akipanda mama watoto na kreti ya soda nyuma, kila kona tairi linakwaruza madigadi, harufu ya mpira hadi ndani. Usukani mzito kama wa lori! Bolti nne za gari hili zimekaa kwenye duara la milimita 130. Fundi alileta rimu za duara la 100, ndiyo maana ya zile spesa. Nimerudisha zangu za chuma za inchi 15 na matairi ya upana wa milimita 165. Wauzaji wawe wanaandika vipimo hivyo. Na wateja, someni tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 0816 ni wiki ya 8, 2016. Tairi langu "jipya" lilikuwa hilo.

Mzee wa Beetle,
Morogoro