Kubadili leseni: nahitaji jibu la kila mmoja kabla ya Ijumaa

Habari za jioni wadau,

Lile suala la kuitoa programu yetu ya vikoba kwenye GPL toleo la 2 na kuipeleka AGPL toleo la 3 (zote ni leseni za programu huria) sasa linahitaji ridhaa ya mtu mmoja mmoja. Kura ya wengi haitoshi. Kila aliyeandika msimbo (maandishi yanayounda programu) bado ana hakimiliki ya mistari yake, hata kama ni kurekebisha riba tu. VLC, wale wa programu ya kuchezea video, walipohamisha injini yao kutoka GPL kwenda LGPL (ndugu yake iliyo legevu zaidi), mwaka 2011 na 2012, ilibidi wawasake wachangiaji walioondoka zamani.

Sababu mnaijua. GPL humbana anayesambaza programu atoe na msimbo wake. Anayeiweka kwenye seva yake na kutoza watu ada hadaiwi msimbo. Kifungu cha 13 cha AGPL kinaziba tundu hilo: aliyebadilisha programu lazima awape wanaoitumia mtandaoni njia ya kupata msimbo wake.

Kuna aliyeuliza kama AGPL itafanya makampuni yatukimbie. Ni kweli, Google hawaruhusu AGPL kwenye msimbo wao. Ila sidhani kama walikuwa njiani kuja kutunza daftari la kikoba.

Jibu kwa jina unalotumia GitHub (tovuti ya kuwekea msimbo), kisha NAKUBALI au SIKUBALI. Ukikaa kimya sitahesabu kwamba umekubali. Sehemu za asiyeridhia tutaziandika upya, bila kinyongo. Matoleo ya zamani yanabaki GPL.

Mwenye namba za wale vijana wa mwanzo walioandika upande wa SMS anitumie inboksi, tafadhali, si hapa.