Kwa nini mfumo wako tunauwasha kwanza ofisini kwetu

Wateja wetu wengi wakishatoa malipo ya awali huuliza: "Mnasema mfumo unafanya kazi, mbona nikiutafuta kwenye simu siuoni?" Ni kweli unafanya kazi. Ila kwa sasa uko ndani ya kompyuta zetu, kwenye kontena za Docker, yaani visanduku vya kidijitali vinavyojitegemea ambavyo programu ya Docker hutengeneza ndani ya kompyuta, na tumeuweka humo makusudi.

Mfumo wa mauzo, hata wa mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, una sehemu kadhaa: programu yenyewe, kanzidata inayotunza mauzo na madeni, na sehemu ya kutuma ujumbe mfupi kwa wateja. Kila moja ina toleo linaloifaa. Zamani fundi alikuwa na toleo hili, seva (kompyuta inayoendesha mfumo ukiwa hewani) ina lile, mambo yakikwama mteja anaambulia kusikia "mbona kwangu inakubali". Docker ilitoka mwaka 2013 na kurahisisha hilo: kila sehemu inafungwa kwenye kontena pamoja na vitu vyake vyote, na mpangilio mzima unaandikwa kwenye faili moja, compose.yaml. Fundi anaandika amri ya docker compose up, anafungua localhost:8080 (anwani ya ndani ya kompyuta yake mwenyewe) kwenye kivinjari, mfumo huo hapo. Imeji, yaani vifurushi ambavyo kontena hutengenezwa kutokana navyo, zikishapakuliwa mara ya kwanza, bando likiisha kazi inaendelea.

Faida yake inaonekana kwenye mambo madogo. Chukua saa. Kompyuta ya fundi inafuata saa za Tanzania, lakini kontena nyingi, sawa na seva nyingi za kukodi, zinafuata UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Sasa umepakia gunia kwenye lori saa nane usiku wa kuamkia Jumanne. Kwa UTC hiyo ni saa tano usiku, bado Jumatatu. Ripoti ya Jumanne inatoka pungufu, ya Jumatatu imezidi, na karani wako anaanza kutiliwa shaka bure. Tungejaribu bila kontena, kasoro hii isingeonekana mpaka mfumo uwe hewani. Tunaiona mapema, tunaagiza ripoti zisome saa za Africa/Dar_es_Salaam, yanaisha.

Kuna linalowatia watu hofu: kontena ikifutwa, kilichoandikwa ndani yake kinapotea. Kwenye majaribio ndicho tunachotaka, tufute tuanze upya. Kwenye seva yako kanzidata inahifadhiwa nje ya kontena, na nakala ya akiba inatunzwa kwingine. Amri ya docker compose down -v, ambayo inafuta hata hiyo hifadhi ya nje, haina nafasi huko.

Majina na namba za simu za wateja wako hatuzitumii kwenye majaribio. Tunatunga za uongo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, daftari la madeni la mtu si la kuachwa wazi kwenye kompyuta ya fundi.

Kasi ya mtandao ndiyo kontena haziwezi kutuonyesha. Mfumo unaoruka ofisini unaweza kuvuta miguu kwenye simu ya wakala wako aliyeko Ukerewe, kwa hiyo jaribio la mwisho tunalifanya kwa simu hiyohiyo.

Ukija kuuona, njoo na karani wako na mauzo yenu yenye vurugu: aliyelipa nusu, gunia lililorudishwa, bei iliyobadilika katikati ya siku. Tutayaingiza pamoja mezani, kabla hujamalizia malipo.